Kirusi kilichotuzika sasa kinatibu saratani ya damu. Sisi wa Moshi tudai nini?

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku kutoka wodi ya watoto. Mwanawe, mwenye miaka minane, alikuwa amemaliza dripu ya siku hiyo na amelala. "Kaka, wewe ndiye unayesoma mambo haya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kuna mama kitanda cha pili anasema Wazungu wametengeneza dawa ya saratani ya damu kwa virusi vya UKIMWI. Mtu anawekewa mara moja tu, anapona. Ni kweli, au ni kama kikombe cha Babu?"

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Nimekaa nalo wiki tatu, na sasa nataka kulijibu mbele ya watu, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza niseme tulifikaje wodini. Mpwa wangu aliugua wiki sita kabla ya ugonjwa wake kupata jina. Homa ilikuja ikaondoka. Kituo cha kwanza kilimtibu malaria, cha pili taifodi, kisha malaria tena. Akaanza kuchoka njiani akitoka shule, yeye ambaye kile kilima alikuwa akikipanda mbio. Asubuhi moja mama yake akaona damu kwenye mswaki. Akamvua soksi, akakuta vidoti vyekundu miguuni, vidogo kama punje za ulezi, ambavyo ukivibonyeza havipotei. Katika kituo cha tatu kijana wa maabara alitandaza tone la damu kwenye kioo, akainamia darubini, akanyanyuka bila kusema neno na kwenda kumwita daktari. Seli nyeupe changa zilikuwa zimejaa kila pembe ya kioo kile.

Sina ugomvi na waliotoa dawa za malaria, maana huku kwetu homa ya mtoto hutafutiwa malaria kwanza. Kinachoniuma ni kwamba kioo na darubini vilikuwapo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyevitumia kwa wiki sita.

Nirudi kwenye swali. Kulitaja kikombe cha Babu si ujinga hata kidogo. Mwaka 2011 nusu ya mtaa wetu ilikwenda Samunge, Loliondo. Magari yaliondoka Moshi usiku na mchana, yakapita Arusha na Mto wa Mbu, hadi kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile aliyekuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Wapo walioacha ARV waliporudi, na madaktari wakapata kazi ya kuwarejesha kliniki. Mchungaji alifariki mwaka 2021, lakini kilichowapeleka watu kule hakijafa. Walifuata dawa ya mara moja, kwa bei ambayo hata mama muuza ndizi wa Mbuyuni anaimudu. Dada yangu naye anauliza hayo hayo mawili.

Kuhusu dawa, jibu ni kwamba mama wa kitanda cha pili amesema kweli, ingawa si kila anayewekewa anapona.

Aprili 2012, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, msichana wa miaka sita aitwaye Emily Whitehead alirudishiwa seli zake mwenyewe za kinga zikiwa zimefundishwa kazi mpya maabara. Saratani yake ya damu ilikuwa imerudi mara mbili na dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Seli zile ziliwasha vita kali mwilini mwake hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kilichomwokoa ni dawa iliyokuwa ikitumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Akapona. Amekua, amemaliza shule. Na aliyezifundisha seli zake ni kirusi kilichotengenezwa kutokana na VVU.

VVU ni cha jamii ya retrovirusi. Virusi vingi huingia kwenye seli, huzaliana humo, kisha huivunja na kutoka. Retrovirusi vinaingia kwenye daftari la seli. Ujumbe wake unakuja ukiwa RNA, aina moja ya maandishi ya vinasaba, unageuzwa kuwa DNA, maandishi ya seli yenyewe, kwa kimeng'enya ambacho kirusi kimekuja nacho, halafu unabandikwa katikati ya kurasa za vinasaba vya mwenyeji. Tangu hapo, kila seli inapojigawa, ukurasa wa mgeni unanakiliwa pamoja na kurasa za mwenye nyumba. Ndiyo maana ARV zinafubaza virusi lakini haziviondoi: ukurasa umeshashonewa ndani.

Wanasayansi walichokitaka ni ule mkono unaoandika. Wakanyofoa maandishi yote yanayoleta ugonjwa, wakaubakiza mkono, wakaupa ujumbe mwingine: itafute seli yenye alama ya CD19, uiue. CD19 ni alama iliyo juu ya seli B, aina mojawapo ya seli za kinga, na ni seli B changa zinazoharibika katika aina ya saratani aliyonayo mpwa wangu. Kwa hiyo seli T za mgonjwa, zile za kinga zinazoweza kuua seli nyingine, huchujwa kutoka kwenye damu, huambukizwa kirusi hicho kisicho na ugonjwa, hukuzwa maabara, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu. Matibabu haya yanaitwa CAR-T. Dawa yenyewe ni seli hai, na inaendelea kuzaliana ndani ya mtu.

Haikuishia kwenye saratani. Mwaka 2021 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, wakiongozwa na Georg Schett, walieleza habari za binti wa miaka 20 mwenye lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kumla figo, ngozi na viungo. Walimpa seli za namna hiyo hiyo na ugonjwa ukatulia. Mwaka uliofuata wakaripoti wagonjwa 5, wote wakiwa wametulia bila dawa za kila siku, na mwanzoni mwa 2024 wakafika 15 wenye magonjwa mbalimbali ya kinga. Ni wachache bado. Lakini anayemjua mwanamke aliyekunywa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga, miaka kumi mfululizo, uso umevimba na mifupa imelegea, ataelewa kwa nini nilisoma ripoti ile mara mbili.

Ukifuatilia historia utaona retrovirusi na saratani ya damu vimetembea pamoja tangu zamani. Mwaka 1911 Peyton Rous alionyesha kuwa uvimbe wa kuku unaweza kuhamishwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja maabara yake, walikigundua kile kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA, nao walikuwa wakichunguza virusi vya saratani za wanyama. Mwaka 1980 kundi la Robert Gallo likatangaza retrovirusi ya kwanza ya binadamu, HTLV-1, inayosababisha aina moja ya saratani ya damu. Kwa hiyo VVU ilipotambuliwa Paris mwaka 1983 na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, dunia ilikuwa tayari na vifaa vya kuitafutia, na vifaa hivyo vilikuwa vimetengenezwa na watu wa saratani.

Hata AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI, ilitengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz wa Detroit kwa ajili ya saratani ya damu. Akaijaribu kwa panya, ikashindwa, akaiweka kabatini bila kuiombea hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Miaka ishirini baadaye ikaonekana inazuia VVU, kampuni ya Burroughs Wellcome ikachukua hataza ya matumizi hayo, na Machi 1987 ikaingia sokoni Marekani kwa takriban dola 10,000 kwa mwaka. Mwezi huo huo Rais Reagan wa Marekani na Waziri Mkuu Chirac wa Ufaransa walitangaza mapatano kuhusu nchi zao zitakavyogawana mrabaha wa kipimo cha VVU. Huko Kagera ugonjwa ulikuwa bado unaitwa Juliana, kwa jina la nguo.

Sasa twende Uru, juu kidogo ya Moshi, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo. Nyuma ya nyumba ya bibi, kati ya migomba na mibuni, kuna makaburi manne ya saruji. Kila Desemba tunaporudi nyumbani kwa Krismasi mimi ndiye ninayeyapaka chokaa, kwa hiyo tarehe zake nazijua kwa vidole: 1993, 1997, 1999, 2002. Wote ni watoto wa bibi, waliochukuliwa na UKIMWI, na hakuna aliyefika miaka arobaini. Yule wa 1993 dunia haikuwa na cha kumpa. Watatu waliomfuata walikufa dawa ikiwapo. Mchanganyiko wa dawa tatu ulidhihirika kuwa unaokoa maisha mwaka 1996, nao uligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India akatangaza kuwa anaweza kuutoa kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa zilikuwa zile zile na sayansi yake ile ile. Tanzania ilianza kuzitoa bure kitaifa mwaka 2004. Leo kidonge kimoja cha kila siku, kilicho bora kuliko vile vya wakati ule, kinanunuliwa kwa chini ya dola 45 kwa mwaka.

Nikiwa na ndoo ya chokaa mkononi huwa najiuliza nani aliamua kwamba kati ya 1996 na 2004 iwe vile. Maana iliamuliwa. Bei hupangwa na watu, katika vyumba vyenye meza na viti, na watu wengine wakipiga kelele za kutosha inapangwa upya.

Jambo hilo likajirudia kwa Glivec. Hii ni dawa ya aina nyingine ya saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, na jeni ambayo dawa hiyo inailenga, ABL, ilipewa jina kutokana na kirusi cha panya cha jamii ya retrovirusi kilichoelezwa na Herbert Abelson mwaka 1970. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 na ikaugeuza ugonjwa wa kuua kuwa ugonjwa wa kumeza vidonge. Bei yake ilifika zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi. India ikatengeneza yake kwa chini ya dola 200, na tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ikakataa hataza ambayo Novartis ilikuwa ikiiombea.

CAR-T ya kwanza iliidhinishwa Marekani Agosti 2017 kwa dola 475,000, zaidi ya shilingi bilioni moja kwa mtoto mmoja. Oktoba 2023 India ikaidhinisha ya kwake, iliyotengenezwa na watu wa chuo cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial, kwa karibu dola 50,000. Hiyo nayo ni zaidi ya shilingi milioni mia moja, na dada yangu hawezi kuzipata hata akiuza kila alichonacho. Lakini angalia mwelekeo. Tuko pale ARV zilipokuwa mwaka 2001.

Nazijua hoja za upande wa pili, na mojawapo naiheshimu kikweli. Usalama unagharimu. Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Necker, Paris, walianza kuwatibu watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili kwa retrovirusi ya panya iliyobeba jeni isiyo na kasoro. Watoto waliokuwa wakiishi kwa kutengwa wakaanza kucheza nje. Halafu, kuanzia 2002, baadhi yao wakapata saratani ya damu, kwa sababu ule mkono ulikuwa umebandika ukurasa wake karibu na jeni inayoamuru seli zikue. Mmoja alikufa. Ilibidi miaka ya kazi kuunda virusi vya kubebea jeni vilivyo salama zaidi, na hata sasa mamlaka ya dawa ya Marekani inataka CAR-T zibebe onyo kwamba seli T zenyewe zinaweza, kwa nadra, kugeuka saratani. Kwa hiyo simtaki mtu atengeneze CAR-T kwenye chumba cha nyuma huku kwetu akisema ni haraka. Gharama ya usalama tuilipe. Ila gharama hiyo na bei ni vitu viwili, na India imeshaonyesha umbali uliopo kati yake.

Basi tudai nini, sisi wa huku?

Mimi ningeanzia chini kabisa, kwenye kipimo. Wengi hatujui kwamba mashine kubwa za kuhesabu seli za CD4, zile za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zilizoletwa katika hospitali zetu kwa ajili ya UKIMWI, zinafanya kazi kwa njia ile ile inayotumika kutambua aina ya saratani ya damu. Seli hupakwa rangi zinazong'aa kulingana na alama zake, zinapitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, na mashine inahesabu. CD4 ni alama, CD19 ni alama. Fundi wa maabara aliyehesabu CD4 kwa miaka kumi na mitano ameshavuka nusu ya njia. Kinachohitajika ni vitendanishi vingine, yaani kemikali za kupimia, mafunzo, na mashine inayoweza kusoma alama nyingi kwa wakati mmoja. Sampuli ya uboho wa mpwa wangu ilisafirishwa mbali na majibu yakachukua siku kumi na nane. Siku kumi na nane, kwa ugonjwa ambao unaongezeka kila kukicha. Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC inayohudumia kanda nzima ya kaskazini, ina chuo cha udaktari na taasisi ya utafiti pale pale kilimani. Jibu la namna hii linapaswa kutoka mjini kwetu, ndani ya siku mbili, kwa kila mtoto wa Same, Rombo, Monduli au Babati.

Nasisitiza kipimo kwa sababu watoto wengi wenye saratani hii hawahitaji CAR-T. Katika nchi tajiri karibu 9 kati ya 10 wanapona kwa dawa za zamani kama vinkristini na methotreksati, mradi waanze mapema, wasikose dozi, na damu ya kuongezewa ipatikane. CAR-T ni ya yule ambaye ugonjwa umekataa au umerudi. Nchi ikirukia CAR-T bila hayo itakuwa imepaua nyumba isiyo na kuta.

Damu nayo ina mambo yake. Mtoto wa aina hii anahitaji hasa chembe sahani, zile zinazozuia kutoka damu. Hizo haziwekwi kwenye jokofu kama damu nyingine. Hutunzwa kwenye joto la kawaida la chumba, zikitikiswa taratibu muda wote, na baada ya siku tano hivi zinamwagwa. Kwa hiyo wanahitajika watu wanaochangia mwezi hadi mwezi, na kundi la ndugu linaloitwa kwa simu siku mtoto anapotoka damu puani halitoshi. Kituo cha Damu Salama cha kanda kiko hapa hapa Moshi. Harusi zetu zinachangisha mamilioni kwa kamati ya wiki sita. Kamati za namna hiyo tunaziweza pia kwa hili.

Halafu kuna Arusha. Makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, mwendo wa saa mbili kutoka wodini. Nchi za Jumuiya zilishakubaliana kugawana vituo vya umahiri: Uganda saratani, Kenya figo, Tanzania moyo. Mpango upo. Uganda ikipata leseni ya kutengeneza CAR-T, au ikikaribisha waliofanya hivyo India kuja kufundisha, mtoto wa Moshi apelekwe Kampala kwa masharti yale yale na mtoto wa Mbarara. Maombi ya leseni yafanywe kwa pamoja na yafanywe sasa. Kwa mkataba wa dunia wa biashara, nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Nchi ikitoka kwenye kundi hilo mlango unafungwa mapema, na kama sheria za ndani hazikuandikwa kuutumia, kuwa wazi kwake hakumsaidii mtu. Ningependa wabunge wetu wa kaskazini waulizwe swali hili kwenye mikutano ya hadhara, kwa tarehe hiyo hiyo.

Kelele za mapema zinasaidia, nasi tumeona. Lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kuzuia VVU, iliidhinishwa Marekani Juni 2025 kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Miezi mitatu baadaye ilitangazwa kwamba watengenezaji wa India wataitoa kwa dola 40 kwa mwaka kwa nchi kama yetu kuanzia 2027. Wanaharakati walianza kudai kabla dawa haijafika dukani, na leseni zilitolewa miezi minane kabla ya idhini yenyewe.

Na tusidai kwa kutegemea kupewa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wenye kadi za CTC, kliniki za ARV, walikosa usingizi huku nchini, wakiuliza kama vidonge vya mwezi ujao vitakuwapo. Dawa ya bei nafuu inayonunuliwa na mtu mwingine bado ni ya mtu mwingine.

Jumapili nilikwenda wodini nikamweleza dada haya yote, kwa maneno machache kuliko hapa. Nilimwambia dawa ipo, inatokana na kirusi kile kile kilichowachukua wajomba zetu, kwa sasa hatuifikii, na kwa mtoto wake huenda haitahitajika kabisa kama dozi zake hazitakatika. Alisikiliza huku akimenya chungwa na kumpa mtoto kipande kimoja kimoja. Kisha akauliza kitu kingine: Alhamisi mtoto ana dozi nyingine, wameambiwa waje na wachangiaji wawili, na yule jirani wa Kiboriloni amesema hawezi tena. Nimeandika jina langu. Bado mmoja.